Sura ya Nne: Aliye Ndani na Aliye Nje

Kiswahili kina maswali mawili yanayofanana kwa sura tu. La kwanza ni "Unakaa wapi?" La pili ni "Kwenu wapi?" Mtu wa Kidahwe hulijibu la kwanza bila kufikiri: anakaa Kidahwe, pale barabara inayotoka Kigoma mjini inapogawanyika, moja ikienda Uvinza na nyingine ikipanda Kasulu. La pili ndilo linalompa kazi. Atasema kwao ni Kasulu, au Manyovu, au Ujiji. Wapo pia wanaosita kidogo kabla ya kujibu, kwa sababu jibu la kweli linavuka mpaka, na katika mkoa huu jibu linalovuka mpaka lina gharama.

Sura hii inahusu nafasi iliyopo kati ya maswali hayo mawili. Mtu anakaa hapa, analima hapa, amezika wazazi hapa, lakini akiulizwa kwao, jibu lake halitoshi. Lugha nyingi zimelazimika kumtafutia jina mtu huyu, na kila jina lililopatikana lilikuwa limebeba uamuzi wa mtu mwingine juu yake.

Tuanze na kijiji, maana ndipo ukazi unapopimwa kila siku. Anayehamia Kidahwe, kama anayehamia kijiji kingine chochote Tanzania, hujitambulisha kwa mwenyekiti wa kitongoji. Siku atakapotaka kitambulisho cha taifa, au dhamana, au barua ya kumpeleka ofisini mjini, ni mwenyekiti na mtendaji wa kijiji watakaoandika na kugonga muhuri kwamba mtajwa ni mkazi wao na wanamfahamu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inamweleza mwanakijiji kuwa ni mtu ambaye kwa kawaida anaishi kijijini, au yule ambaye halmashauri ya kijiji imemtambua hivyo. Hapo pana milango miwili. Kwa mlango wa kwanza mtu huingia kwa miguu yake mwenyewe: anakuja, anakaa, anaendelea kukaa. Kwa wa pili huingizwa na wenzake. Naupenda huo wa pili, kwa kuwa unakiri jambo ambalo majirani walilijua zamani kuliko bunge, kwamba ukazi ni kukubalika.

Waingereza nao walikuwa na neno kwa habari hii. Siku hizi limechakaa, na Mwingereza wa kawaida hukutana nalo vitabuni zaidi kuliko barazani. Neno lenyewe ni denizen. Likitumiwa leo humaanisha mkazi tu, hata samaki wa ziwani na ndege wa msituni huitwa hivyo. Lakini lilizaliwa mahakamani, tena si kwa Kiingereza. Baada ya Wanormani kuitwaa Uingereza mwaka 1066, Kifaransa chao kilikuwa lugha ya watawala na baadaye ya wanasheria kwa karne kadhaa. Katika Kifaransa hicho, deinz ni "ndani," nalo limetokana na Kilatini de intus, "kutoka ndani." Deinzein, basi, alikuwa mtu wa ndani. Mwenzake, forein, alikuwa mtu wa nje, kutoka neno la Kilatini linalohusu mlango na kilicho ng'ambo ya mlango.

Nje ya nini? Hapo ndipo neno linapovutia. Katika miji ya Uingereza ya kale, mtu wa nje hakuhitaji kuwa ametoka nchi nyingine. Mfanyabiashara wa kijiji cha jirani, anayezungumza lugha ileile na kumtii mfalme yuleyule, alikuwa forein akiingia mjini kuuza, na alitozwa ushuru ambao mtu wa ndani hakutozwa. Kipimo kilikuwa ukuta wa mji. Baadaye taifa likachukua nafasi ya ukuta, na maneno yakahama pamoja nalo.

Taifa lilipokuja, neno likapata maana mpya na kali zaidi. Mfalme alikuwa na uwezo wa kumpa mgeni barua ya kumfanya denizen. Kwa barua hiyo mgeni hakuwa tena mgeni, ila hakuwa mzawa pia. William Blackstone, mwanasheria aliyeanza kuchapisha maelezo yake makubwa ya sheria za Uingereza mwaka 1765, alimweka mtu huyu katika hali ya katikati, kati ya mgeni na raia wa kuzaliwa. Aliweza kununua ardhi, jambo ambalo mgeni hakuruhusiwa, lakini hakuweza kurithi. Hakuweza kuingia bungeni. Watoto wake waliozaliwa baada ya barua waliweza kumrithi, na wale waliozaliwa kabla yake hawakuweza. Fikiria nyumba moja, baba mmoja, mama mmoja, na mstari wa wino umepita katikati ya watoto. Mtu wa mwisho kupewa barua ya namna hiyo alikuwa mchoraji aliyezaliwa Uholanzi, Lawrence Alma-Tadema, mwaka 1873. Kisha utaratibu ukafifia, na neno likabaki likitumika kwa samaki.

Mwaka ambao Alma-Tadema alipata barua yake, Ujiji ilikuwa imejaa watu wa hali ya katikati, na hapakuwa na mfalme wa kuwaandikia barua.

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walipofika Ziwa Tanganyika tarehe 13 Februari 1858, Ujiji lilikuwa jina la nchi, nchi ya Wajiji, na mahali walipofikia paliitwa Kawele. Nchi hiyo ilikuwa na wenyewe. Waha, ambao Wajiji ni sehemu yao, walikuwa na wami wao na watawala wadogo chini yao, na pamoja nao walikuwapo abateko, walinzi wa ardhi, ambao mamlaka yao juu ya udongo yalihesabiwa kuwa ya kale kuliko ya koo za kifalme. Aliyetaka mahali pa kulima aliwahitaji. Mteko aliwakilisha waliotangulia, na idhini yake ilimwingiza mgeni katika mapatano na ardhi yenyewe.

Kiswahili kilichokuja na misafara kilikuwa na neno lake kwa mtu wa namna hiyo: mwenyeji. Ukilifungua unaona mwenye, na nyuma yake mji. Ni neno la ajabu kidogo, maana lina kazi mbili kwa pamoja. Mwenyeji ni mkazi wa asili, na mwenyeji ni yule anayekupokea, anayekupa maji ya kunywa na mahali pa kulala. Anayemiliki ndiye anayekaribisha. Mkazi, kwa upande wake, hana mali wala wajibu huo ndani ya jina lake. Mkazi amekaa, basi. Waswahili walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na mtu akishapokea jembe ameanza safari ya kutoka ugeni kwenda ukazi. Methali haisemi ni siku ya ngapi atakapokuwa mwenyeji.

Mtu aliyetembea safari hiyo karibu yote ni Mwinyi Kheri. Alitoka Mrima, pwani ya upande wa Saadani, akafika Ujiji kufanya biashara, akakaa. Jina lake la heshima, mwinyi, ni ndugu wa mwenye: lilikuwa cheo cha wakubwa wa miji ya pwani, na sasa lilikuwa limevaliwa na mtu aliye kilomita zaidi ya elfu moja kutoka kwao. Alijenga urafiki na watawala wa Wajiji, akawa mkubwa wa wafanyabiashara wote wa pale, na kwenye miaka ya 1880 akapandisha bendera ya Sultani wa Zanzibar. Alifariki mwaka 1885. Alikuwa mtu wa kuja ambaye uongozi wake ulitegemea kuelewana na wenye nchi, na kwa miaka mingi alilielewa hilo vizuri.

Lakini si kila aliyefika alikuwa Mwinyi Kheri. Kwa maelfu, watu walivushwa ziwa kutoka Maniema, mashariki ya Kongo, wengi wao wakiwa mateka na watumwa, wengine wapagazi, wapiga bunduki na wake. Walikuwa Wabwari, Wagoma, Wabembe, Wakusu na wengineo, watu wa lugha mbalimbali ambao huko walikotoka hawakujiita kwa jina moja. Huku wakaitwa Wamanyema. Waliopewa jina hilo na wengine waliligeuza likawa lao, na wajukuu wao wanalitaja kwa fahari mpaka leo, katika mitaa ya Ujiji kama Kitongoni na Kasingirima, na pia Tabora na Dar es Salaam.

Hawakuishia hapo. Pwani, mwungwana alikuwa mtu huru wa kuzaliwa, kinyume cha mtumwa, na mtoto wa mtumwa aliyezaliwa palepale aliitwa mzalia, cheo cha kati ambacho Blackstone angekielewa. Ujiji, mtu aliyevuka ziwa akiwa amefungwa aliweza, baada ya miaka kadhaa ya kuvaa kanzu, kuswali, kusema Kiswahili na kutumika katika misafara, kujiita mwungwana. Waliokuwa na asili ya pwani walinung'unika, ila hawakuweza kuzuia. Neno likasafiri nao tena kurudi ng'ambo, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Naliona hili kuwa moja ya mambo makubwa yaliyowahi kufanywa kwa neno katika lugha yetu. Watu walionyang'anywa kwao walilichukua neno la wale waliowamiliki, wakalikalia.

Kisha ikaja mipaka. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914 chini ya Wajerumani, na ikapatikana ile sifa ya "mwisho wa reli" ambayo mkoa haujaivua hadi leo. Mwaka 1916 Wabelgiji waliiteka Kigoma. Walikaa hadi 1921, walipowakabidhi Waingereza. Miaka saba, bendera tatu. Tuitazame ile miaka ya Wabelgiji. Kati ya 1916 na 1921, Kongo ng'ambo ya ziwa, Burundi kaskazini na Kigoma yenyewe vyote vilikuwa mikononi mwa dola moja. Mkulima aliyetoka milima ya Burundi akashuka Ujiji mwaka 1918 hakumwacha mtawala mmoja kwenda kwa mwingine. Alihama tu, kama babu zake walivyohama, kwa lugha ambayo Waha waliisikia vizuri, kwa sababu Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu. Mwaka 1921 mpaka ulikuja kumkuta shambani kwake, na kuanzia siku hiyo akawa ametoka nchi nyingine.

Waingereza nao walileta fikra yao: kila Mwafrika ana kabila, kila kabila lina chifu, na kila chifu ana eneo. Fikra hiyo iliiona Ujiji kama kosa la hesabu. Mmanyema alikuwa na kabila lisilo na chifu Tanganyika, naye aliishi mji unaoongozwa na liwali. Alilipa kodi, na alikuwa mkazi kwa kila kipimo cha miguu na mikono, ila katika daftari la utawala hakuwa na kwao.

Uhuru ulipokuja, swali la kwenu wapi liliandikwa katika sheria. Tarehe 9 Desemba 1961, aliyezaliwa Tanganyika alikuwa raia moja kwa moja ikiwa walau mzazi wake mmoja naye alizaliwa Tanganyika. Sharti hilo lilikuwa la kawaida kwa makoloni ya Waingereza, na kwa sehemu kubwa ya nchi halikumsumbua mtu. Kigoma lilikuwa jambo jingine. Mtoto wa watu wawili waliovuka ziwa, aliyezaliwa Ujiji, akakulia Ujiji, akapiga kelele za uhuru Ujiji, alihitaji kujiandikisha. Wangapi walijua? Mtu aliyekuwa akijiona mwenyeji hana sababu ya kwenda ofisini kuomba kile anachoamini anacho. Mstari wa wino ulipita tena katikati ya nyumba, safari hii ukigawa si watoto waliozaliwa kabla na baada ya barua, bali wale ambao mama yao alizaliwa huku na wale ambao mama yao alizaliwa kule.

Nalifikia sasa neno linaloniuma zaidi katika sura hii. Kulowea ni kwenda ugenini na kukaa huko moja kwa moja, mpaka mtu asifikirie kurudi. Kwa muda mrefu mlowezi aliyejulikana zaidi katika redio na magazeti yetu alikuwa mzungu wa mashamba makubwa: walowezi wa nyanda za juu za Kenya, walowezi wa Rhodesia. Mlowezi alikuja na bunduki na hati, akamfanya mwenyeji kuwa kibarua kwenye ardhi yake. Vizazi viwili vilikua vikilisikia neno hilo pamoja na neno ukoloni.

Leo, katika lugha ya Uhamiaji, walowezi ni watu wengine kabisa. Ni wale walioingia nchini zamani, wengi kutoka Burundi na Kongo, wakakaa miaka mingi bila karatasi. Wamepitia zoezi la kuandikishwa katika mikoa ya mpakani, Kigoma ikiwa mojawapo. Mlowezi huyu ni bibi mwenye ekari moja ya mihogo na michikichi michache, aliyeingia akiwa amebebwa mgongoni. Hakumnyang'anya mtu shamba. Alipewa, au alifyeka pori ambalo hakuna aliyelitaka. Kumwita kwa jina lilelile la mtu aliyeteka ardhi ya Wakikuyu ni kumtwisha historia isiyo yake. Najua maofisa walihitaji jina, na sidhani kwamba walilichagua kwa ubaya. Lakini majina ya ofisini hushuka vijijini, na likifika huko, mtoto wa bibi yule analisikia shuleni.

Wakimbizi wa mwaka 1972 wana historia tofauti kidogo, na inafaa kutajwa kwa sababu inaonyesha kwamba mlango unaweza kufunguliwa. Mauaji ya mwaka huo nchini Burundi yaliwaleta Tanzania maelfu kwa maelfu. Wengi walipelekwa katika makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu, na wengine walijichanganya katika vijiji vya Kigoma kandokando ya ziwa. Mwaka 2014 watu zaidi ya 162,000 wa makazi yale walithibitishwa kuwa raia wa Tanzania. Ni jambo ambalo mataifa yenye utajiri mara nyingi zaidi yameshindwa kulifanya, na Watanzania hatulisemi vya kutosha. Hata hivyo njia ilikuwa ndefu. Maombi yao yalikuwa yamekwishakubaliwa karibu mwaka 2010, lakini vyeti vilizuiliwa kwa miaka huku ikijadiliwa kama wahame makazi yao na kutawanywa mikoani. Walikuwa wameukana urundi wao, na utanzania haujafika mkononi. Kwa muda huo hawakuwa wa ndani wala wa nje, na hakuna neno la Kiswahili lililowatosha isipokuwa lile walilopewa mitaani: raia wapya.

Raia lenyewe lina asili inayofaa kujulikana. Limetoka Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni kundi linalochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. Kwa hiyo aliyevuka hatua zote, akasoma sheria ya uraia ya mwaka 1995, akahesabu miezi kumi na miwili mfululizo ya ukazi na jumla ya miaka saba katika kumi iliyotangulia, akaonyesha kwamba anajua Kiswahili au Kiingereza, mwishowe anapokea jina ambalo zamani lilimaanisha mwenye mchungaji. Mwananchi ni neno zuri zaidi, mtoto wa nchi, ila sheria haikulichagua.

Serikali ina njia nyingi za kuhesabu watu, na hazikubaliani. Sensa ya 2022 ilimhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, na ikapata watu 2,470,967 mkoani Kigoma. Haikumuuliza mtu kama anastahili kuwapo. Oktoba 2024, kabla ya uchaguzi wa serikali za mitaa, wananchi walihimizwa kujiandikisha katika Daftari la Mkazi, na licha ya jina hilo, ukazi peke yake haukutosha kuingia humo. Ilitakiwa na uraia.

Mkanganyiko huo unafika hadi kijijini. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mtu mwenye umri wa miaka kumi na minane au zaidi ambaye kwa kawaida anaishi kijijini. Kwa maneno hayo, bibi wa mihogo ana haki ya kukaa mkutanoni Kidahwe na kusema neno lake kuhusu kisima, njia ya ng'ombe au ujenzi wa darasa. Atachangia fedha ya darasa hilo, na pengine siku ya msaragambo atabeba tofali. Lakini akitaka hati ya hakimiliki ya kimila kwa ekari yake, sheria ile ya ardhi iliyomkaribisha kwa milango miwili inamkumbusha kwamba haki hiyo ni ya raia. Denizen wa Uingereza angeweza kununua shamba na asirithi. Bibi huyu anaweza kulilima miaka hamsini, na halmashauri nzima ya kijiji ikatoa ushahidi kwamba ni wake, na bado likawa mikononi mwake bila kuwa lake. Mwenyekiti wa kitongoji anamfahamu, babu wa mwenyekiti alimfahamu mama wa bibi huyu, na barua aliyoandikiwa ina muhuri. Kinachokosekana ni ofisi ya juu yenye mamlaka ya kuusoma ushahidi wa majirani kama ushahidi, na mpaka sasa njia iliyopo kwa mtu kama yeye ni kuomba uraia kama mgeni, kwa ada na fomu za mgeni, katika nchi ambayo hakumbuki siku aliyoingia.